Kabla ya Kukata Tiketi ya Unguja, Tazama Mwezi

Wapenzi wengi wanaokwenda Unguja mara ya kwanza huanza na hoteli, kisha tiketi, kisha nguo za kupigia picha. Wakifika Jambiani au Paje saa nne asubuhi wanakuta bahari haipo. Kuna mchanga, madimbwi, vigingi vya mwani na kina mama walioinama, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba. Wanahisi picha za mtandaoni ziliwadanganya. Picha zilikuwa za kweli, ila zilipigwa saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa. Wao wamefika maji yamekupwa, tena siku ya bamvua, maji yanapokwenda mbali zaidi.

Kisiwa hiki huendeshwa na maji, na maji huendeshwa na mwezi. Anayejua hilo hupata siku tano nzuri kwa fedha ileile ambayo mwingine hupata siku mbili nzuri na tatu za kukaa kitandani na simu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikikaribia meta 4. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hushuka hadi meta 1 au zaidi kidogo. Bamvua ya Unguja ina tabia moja nzuri ya kukariri: hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu huwa kinyume chake: hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kukupwa jioni.

Kama nyumbani kuna kalenda yenye tarehe za Kiislamu, mna jedwali la maji ukutani. Chukulieni kwamba tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi mwandamo maji hujaa saa kumi na moja. Kila siku inayofuata ongezeni dakika 50. Tuseme mnafika tarehe 4. Siku tatu mara dakika 50 ni saa mbili na nusu, kwa hiyo maji yatajaa saa moja na nusu, asubuhi na jioni. Ongezeni saa sita na dakika kumi hivi, mtapata maji kukupwa saa nane kasoro robo mchana. Hesabu hii inaweza kupotea kwa nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo inatosha kuchagua wiki ya safari. Kwa kupanga siku yenyewe, tafuteni mtandaoni jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, au mwulizeni mvuvi yeyote pwani. Atawajibu bila kutazama saa.

Wiki ipi basi? Kwa wawili wanaotaka kuogelea zaidi kuliko kutembea, wiki ya maji mafu ndiyo tulivu: bahari haiendi mbali, mikondo ni midogo na maji ya kuzamia kwa miwani huwa meupe zaidi. Kwa wanaotaka kuona mambo, nasema bamvua bila kusita. Asubuhi mnatembea juu ya sakafu ya bahari, alasiri mnaogelea mahali palepale mlipokuwa mnatembea, na jua linazama maji yakiwa bado mengi. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Msimu nao una neno lake. Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto kali, na mawimbi hupiga upande wa Nungwi unaotazama kaskazini, wakati Kendwa, inayotazama magharibi, hubaki shwari. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa baridi kidogo, mvua chache, upepo mwingi pwani ya mashariki. Wanaocheza na matiara ya majini Paje huusubiri upepo huo kwa hamu, lakini aliyetandika mkeka kusoma kitabu atakula mchanga. Masika ya Aprili na Mei ni mvua ya kweli, na hoteli nyingine hufunga. Uchaguzi wangu ni Oktoba, tanga mbili inapoanza, kusi imechoka na vuli haijaja, au Januari na Februari kwa wasioogopa joto.

Kuvuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya mwendo kasi huchukua karibu saa mbili. Kateni tiketi kwenye ofisi ya kampuni au mtandao wake wenyewe, msikubali mtu wa getini awashikie fedha. Bebeni vitambulisho halisi, kwa sababu nauli ya raia na ya mgeni hazilingani na jina la tiketi hulinganishwa na kadi. Wanaotoka Kenya au Uganda wawe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wakati wa kusi mkondo wa Unguja hutikisa. Kaeni chini, katikati au nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, mtazame upeo wa bahari, na dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kuondoka. Watu huimeza wakishaanza kutapika, na hapo hutoka pamoja na chai. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku pande zote mbili.

Kuhusu mahali pa kulala, siku sita zigaweni: usiku mbili Mji Mkongwe, mbili kusini mashariki, mbili kaskazini. Siku tatu tu? Mji usiku mmoja na pwani moja, basi. Kuhamahama kunakula nusu siku kila mara. Nungwi na Kendwa mwamba uko karibu na ufukwe, kwa hiyo mnaweza kuogelea karibu saa zote. Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani zina uwanda mpana kati ya ufukwe na mwamba, na huko lazima mfuate maji. Michamvi Kae ina jambo la pekee: iko upande wa mashariki wa kisiwa lakini inatazama Ghuba ya Chwaka kwa magharibi, kwa hiyo jua linazama majini mbele yenu. Daladala namba 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje. Ni nafuu, husimama kila kijiji, na masanduku hupanda juu. Mkiwa na mizigo mikubwa, teksi ya kuelewana bei kabla ya kupanda ni bora.

Sasa matembezi ya uwandani, jambo ambalo wageni wengi hulipita ingawa halina kiingilio. Siku ya bamvua Jambiani, tokeni saa moja na nusu kabla maji hayajafika chini kabisa. Vaeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kandambili huchomoka kwenye tope na hazizuii miba. Kofia, shati la mikono mirefu, maji ya kunywa lita moja kila mtu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tembeeni kwenye mchanga mweupe, epukeni majani ya bahari na matumbawe. Ile mipira myeusi yenye miba mirefu, ambayo ni wanyama hai, hukaa kwenye mashimo ya mwamba na chini ya majani. Mwiba ukiingia huvunjikia ndani, na kuuchokoa kwa sindano ufukweni huleta usaha. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi na kuuacha ujitoe. Ulioingia kwenye kifundo au kiungo upelekwe hospitali.

Hatari ya pale hata si miba. Ni saa ya kurudi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gaweni mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza baada ya kukupwa hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua ya meta 4 ina maana kwamba saa ya kwanza hupanda sentimita 33 tu, hata mtu haoni, lakini saa ya tatu na ya nne hupanda karibu meta 2 kwa jumla. Tena maji huingia kwanza kwenye mikono ya kina, yaani mifereji, na mingine ya mikono hiyo iko kati yenu na ufukwe. Mtu aliyesimama kwenye mwamba akipiga picha anajiona yuko pakavu, kumbe nyuma yake njia imeshajaa hadi kifuani. Kwa hiyo geukeni maji yanapofika chini kabisa, hata kama bado mnaona raha. Mkiona kina mama wa mwani wanafunga magunia yao, mmeshachelewa.

Kilimo hicho cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Kila mche umefungwa kwenye kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili, na huvunwa baada ya wiki sita hivi. Siku za kazi ni hizi za bamvua, kwa kuwa ndipo mashamba huwa wazi. Aina nene yenye bei nzuri imekuwa ikifa maji yanapopata joto, kwa hiyo anayewakanyagia kamba anawakanyagia mlo. Piteni pembeni, amkieni kwa heshima, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkikataliwa mseme asante mwende. Siku hizohizo mtaona pia wanawake na vijana wakitafuta pweza kwa mkuki kwenye mashimo. Anayekubali kuongozana nanyi kwa malipo madogo atawaonyesha mambo ambayo peke yenu mngeyapita.

Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, mtamwona wa rangi nyekundu na machungwa kwenye maji ya kifundo. Msimtoe majini. Anavuta hewa yake ndani ya maji, na dakika chache za picha mkononi, mgeni baada ya mgeni, zinamuua. Piga picha akiwa chini, rangi zinatoka vizuri zaidi.

Kwa upande wa magharibi kuna fungu la mchanga liitwalo Nakupenda, na kwa jina hilo hakuna wawili wanaopita Mji Mkongwe bila kushawishiwa. Fungu hilo hutoka majini maji yanapokupwa na kumezwa maji yanapopanda. Safari nyingi huliunganisha na kisiwa cha Changuu, na waongozaji hupenda kwenda kwa mpangilio uleule kila siku. Mpangilio muwapangie nyinyi. Siku ya bamvua, ondokeni saa mbili asubuhi, fikeni fungu likiwa linapanuka, mle matunda hapo, kisha Changuu saa sita. Siku maji yanapokupwa saa nane, anzeni Changuu, mmalizie Nakupenda. Kanuni ni moja: fikeni saa mbili kabla ya kukupwa, ondokeni kabla ya saa mbili baada yake. Siku za maji mafu fungu huwa dogo, hilo mlijue mapema. Kivuli hakuna, kwa hiyo mwulizeni nahodha kama ana turubai.

Changuu ndiko waliko kobe wakubwa wa Aldabra, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Jela iliyojengwa huko miaka ya 1890 haikutumika kwa wafungwa. Kisiwa kikawa karantini ya wagonjwa wanaoshuka melini. Kobe hupewa majani kwa mkono, shingo huguswa polepole, mgongoni hapakaliwi.

Bei ya mashua ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi, nao unazuilika kwa maswali manne: bei ni ya chombo au ya kichwa? Kiingilio kimo? Miwani na mrija vimo? Chakula kimo? Majibu yaandikwe kwenye simu mbele ya aliyewajibu. Akiwapo papasi katikati, yule dalali anayewinda wageni, ombeni kumwona nahodha mwenyewe na chombo chake, na hesabuni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda. Salio mlipe mkisharudi.

Kuona matumbawe, Mnemba bado ndiyo ya kwanza. Kisiwa chenyewe ni cha watu binafsi, hamshuki. Mnaogelea kwenye mwamba unaokizunguka, na hifadhi ina ada yake. Kutoka Matemwe ni karibu, lakini maji yakiwa yamekupwa mtatembea sana uwandani kuifuata mashua. Kutoka Nungwi ni mbali zaidi, na kurudi mchana mnapambana na upepo. Ingieni majini karibu na kilele cha kujaa au mwisho wa kukupwa, maji yanapotulia kabla ya kugeuka. Katikati ya hapo, hasa bamvua, mkondo huwavuta wawili kutoka mashuani kabla hawajajua. Anzeni kuogelea kuelekea unakotoka mkondo, ili mkichoka uwarudishe mashuani. Miwani ikiingiza maji, sababu ni nywele au ndevu chini ya mpira. Ikipiga ukungu, sugueni kioo kwa mate na kukisuuza mara moja. Na mgongo ndio unaoungua, kwa sababu saa nzima mmelala kifudifudi: vaeni fulana. Ngozi nyeusi nayo huungua, huchelewa tu kuonekana.

Fumba na Ghuba ya Menai ni kwa wanaopenda jahazi na chakula cha baharini kisiwani Kwale. Pale Kwale pana kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na mikoko, kizuri mno kwa wawili kuogelea kimyakimya, lakini hufaa maji yakijaa pekee. Mkienda siku ya kukupwa mchana mtakuta matope. Uliza hilo kabla ya kuchagua siku.

Pomboo wa Kizimkazi nawatazama kwa mashaka. Pomboo wenyewe hawana kosa, ila mashua kumi zikiwafukuza na watu wakirukia vichwani mwao, hawapumziki wala hawanyonyeshi. Mkienda, nendeni alfajiri, mwambieni nahodha azime mashine mbali, na msishuke majini. Nusu ya raha ya Kizimkazi iko nchi kavu, Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Wanawake wajifunike kichwa, viatu vivuliwe, na mwenye ufunguo apewe shukrani yake.

Saa ambazo maji hayawafai ndizo za nchi kavu. Msitu wa Jozani uko njiani kuelekea Paje, hivyo uungeni na siku ya kuhama. Kima punju, ambao hawapatikani popote nje ya Unguja isipokuwa wale waliopelekwa Pemba, hula asubuhi na jioni na kulala mchana juu ya miti, kwa hiyo fikeni saa mbili au saa tisa. Simameni meta 3 kutoka kwao hata wakiwasogelea wenyewe, kwani mafua ya binadamu huwaambukiza. Daraja la mbao la mikoko halihitaji hesabu: maji yakijaa mnaona samaki wadogo, yakikupwa mnaona kaa na mizizi. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanatosha kwa nusu siku. Karafuu nunueni sokoni Darajani, ambako hupimwa kwa mizani mbele yenu.

Mji Mkongwe utembeleeni kwa miguu saa mbili hadi saa tano asubuhi, na tena baada ya alasiri. Katikati ya hapo joto hunasa vichochoroni. Anzeni Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na msiharakishe kwenye vyumba vya chini. Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, lilibomoka upande mmoja Desemba 25, 2020. Litazameni mkiwa Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari. Kupotea ndani ya mji si tatizo: shikeni upande mmoja tu na mtafika baharini au barabara ya Darajani. Mabega na magoti yafunikwe, wote wawili. Kushikana mikono hakumkeri mtu, kubusiana hadharani kunawakera wenyeji, na kisiwa ni chao. Ukiwa mwezi wa Ramadhani, chakula cha mchana mle hotelini ndani.

Usiku wa Forodhani, fikeni magharibi tu, vyakula vikiwa vipya. Mishikaki ya samaki iliyopangwa mezani na kurudiwarudiwa motoni ndiyo inayoharibu matumbo ya wageni, basi chagueni kinachopikwa mbele yenu: mantabali, ambayo wageni huiita piza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mkate wa ufuta. Urojo unywewe mchana, vibandani mitaani, wenye bajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo juu.

Kama mmefuata mwezi na mkafika tarehe 14 au 15, jioni hiyo kaeni Jambiani au Bwejuu, mgongo kwa minazi. Saa kumi na moja maji yatakuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoche. Jua litazama nyuma yenu, juu ya nchi, wala msigeuke. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwezi utachomoza kutoka baharini, mwekundu kwanza kisha mweupe, na maji yataanza kurudi kuelekea kwake. Mkiukosa kwa mawingu, kesho yake utatoka tena, umechelewa kwa dakika 50 hivi.